Mwaka Huu Hatalala

Aliletwa Oktoba ndani ya boksi la viatu,
viatu vya kike, namba thelathini na nane,
na Kacper wa ghorofa ya pili, mwanafunzi,
aliyekuwa akihama na hakutaka kunitazama usoni.
"Anaitwa Ogórek," alisema. Kwetu Bydgoszcz
neno hilo ni tango.
Nikauliza kwa nini tango. "Ndicho chakula chake."
"Na kingine?"
"Hakuna kingine."
Basi jina ndilo lililokuwa ugonjwa,
ila mimi sikujua bado.

Nikamweka mezani. Hakutoa kichwa.
Nikaosha vyombo, nikavikausha, nikavipanga,
nikarudi: kichwa kimetoka, nusu,
na kwenye tundu la pua la kushoto
povu dogo, likivimba, likinywea,
kama la mtoto anayejifunza kupuliza sabuni.
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Daktari Halszka hakucheka.
Alilibonyeza gamba kwa kidole gumba
na gamba likabonyea,
gamba la kobe! kama mkate ulioepuliwa mapema,
na mikate naijua, ndiyo kazi yangu ya usiku.
"Mapafu," alisema. "Na chokaa hana mwilini.
Jua hajaliona tangu lini?"
Nikasema mimi nimempata Jumanne.
"Sikukuuliza wewe," alisema, akimtazama yeye.

Akaandika, mwandiko wa mbiombio:
sindano, mguu wa mbele, kila siku ya tatu.
Maji vuguvugu asubuhi, yafike kidevuni, yasipite.
Taa mbili, moja ya joto, moja ya kuliigiza jua.
Mfupa wa ngisi. Majani ya mchunga.
Tango akalipiga mstari mara mbili, karatasi ikachanika.
Na chini kabisa: *Mwaka huu asilale.*

Maana wenzake majira haya hujifukia,
huupunguza moyo kama utambi wa taa
na kuamka Machi, theluji hawaijui.
Mgonjwa akilala, alisema, haamki.

Habari za kulala nilikuwa nazo.
Tangu Waldemar aondoke nilifunga mabomba ya joto
vyumba vyote isipokuwa jikoni,
nikitoka tanurini alfajiri najitupa
chini ya mablanketi matatu mpaka giza jingine.
Umeme ulikuwa ghali. Mimi nilikuwa rahisi.

Sindano ya kwanza, mkono ulitetemeka.
Akauvuta mguu ndani, nami nikauvuta nje,
gramu mia nne na kumi na mbili za ubishi!
Kisha akanitoroka.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
niliinama, nikalala kifudifudi,
tochi mdomoni, vumbi puani,
mwanamke wa miaka hamsini na tisa
akiliita tango litoke chini ya kabati.

Kwenye mizani ya unga: mia nne na tisa.
Mia nne na tisa.
Mia nne na tano.
Nikaandika kwenye kalenda ya kiwanda, kwa penseli,
nipate kufuta.
Krismasi dada yangu Jolanta akapiga simu,
sikukuu mnakula nini huko?
"Mchunga," nikasema. Nimeuotesha dirishani,
kwenye kopo la rangi.
Akanyamaza kidogo. "Mnakula? Wewe na nani?"

Januari, asubuhi moja, nikamsogezea sikio.
Ile filimbi nyembamba ya pumzi haikuwepo.
Nikangoja. Maji ya beseni yalipoa, nikayabadilisha,
nikasikiliza tena.

Februari: mia nne na kumi na moja.
Mia nne na kumi na nane, kwa kalamu ya wino.
Amechafua beseni lote, kinyesi kizuri, kigumu,
nilitamani kumpigia mtu simu.

Gamba bado linabonyea kidogo pembeni,
karibu na mkia. Nalijaribu kila Jumapili.
Leo aligeuza shingo, taratibu,
akakitazama kidole changu muda mrefu,
akafungua mdomo wake wa waridi, akakiuma.
Kiliuma kweli.
Sikukiondoa.